ULIZA DADA WA LISHE: Apu inasema mwanangu yuko sawa, shule inasema uzito umezidi

Mwezi huu meseji karibu zote zimekuja na namba, kilo, sentimita, BMI (yaani uzito ukilinganishwa na urefu), kiuno, mpaka kuna mtu kanitumia picha ya mzani na vidole vya miguu vya mtoto vinaonekana. Sijaweza kuwajibu wote, nimechagua hizi ambazo nikizijibu nakuwa nimewajibu na wengine.

Dada habari. Binti yangu ametimiza miaka 9 juzijuzi tu, ana kilo 38 na urefu wa sentimita 134. Nimeweka kwenye apu ya simu ikaleta BMI 21.2, rangi ya kijani, imeandika yuko kawaida. Wiki hiyohiyo shuleni kwao walikuja watu wa afya wakawapima, wakamrudisha na kikaratasi kimeandikwa uzito umezidi apelekwe kituo cha afya. Baba yake anasema hao wanatutisha tu, mtoto ana afya yake. Nimsikilize nani? – Mama wa Tabata

Mama, sikiliza kikaratasi. Hiyo apu imekupa hesabu sahihi ila imeisoma kwa macho ya mtu mzima, na hili ndilo kosa naloliona kuliko yote kwenye meseji zenu.

Hesabu ya BMI ni ileile kwa kila mtu, unachukua kilo unagawanya kwa urefu wa mita, jibu unaligawanya tena kwa urefu uleule. Kwa binti yako 38 kwa 1.34 ni 28.4, gawanya tena kwa 1.34 unapata 21.2. Mpaka hapo hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza kwenye kusoma, manake mtu mzima ana mipaka yake isiyobadilika, 18.5 mpaka 24.9 yuko sawa, 25 kazidi, 30 huo ni unene uliokithiri. Mtoto hana mipaka ya hivyo kwa sababu mwili wake unabadilika kila mwaka, akiwa mchanga ni wa mviringo, halafu anakonda konda mpaka kwenye miaka 5 au 6 hivi, kisha BMI inaanza kupanda taratibu mpaka anakuwa mkubwa. Kwa hiyo BMI ya 21 kwa dada wa miaka 20 ni nzuri kabisa, kwa mtoto wa kike wa miaka 6 ni unene uliokithiri. Namba ni hiyohiyo, anayebadilika ni mwenye mwili.

Ndio maana mtoto anasomwa kwenye chati ya umri na jinsia. Chati ya Shirika la Afya Duniani kwa msichana wa miaka 9 kamili inasema hivi, mstari wa katikati ni 16.1, mstari wa kwanza wa tahadhari (ule wa +1) uko 18.3, na wa pili (+2) uko 21.5. Akivuka wa kwanza tunasema uzito umezidi, akivuka wa pili ni unene uliokithiri. Wako ana 21.2, ameuacha wa kwanza mbali na wa pili anaugusa kwa bega. Waliomwandikia kikaratasi wamesoma vizuri.

Halafu mwambie baba watoto kwamba hicho kikaratasi hakijasema mtoto ni mgonjwa, kimesema aangaliwe zaidi, basi. Hii hesabu yenyewe aliianzisha Mbelgiji mmoja Adolphe Quetelet miaka ya 1830, mtu wa hisabati na nyota, wala hakuwa daktari, alikuwa anatafuta vipimo vya binadamu wa wastani. Jina la BMI limekuja baadaye sana, mwaka 1972, kwa Mmarekani Ancel Keys na wenzake. Haipimi mafuta, haipimi sukari, haipimi moyo. Inachambua tu nani arudiwe kuangaliwa na nani aendelee kucheza.

Sasa usije ukamnyima chakula. Mtoto wa umri huu anarefuka, na urefu ukiongezeka wenyewe unakufanyia kazi. Angalia, tuseme mwakani wakati kama huu bado ana kilo 38 zilezile ila amefika sentimita 140, BMI yake itakuwa 19.4, na mstari wa +1 kwa umri huo utakuwa umepanda na wenyewe uko kwenye 19 na kitu. Yaani bila kupungua hata nusu kilo atakuwa karibu kurudi ndani ya mstari. Kwa hiyo lengo la nyumbani ni uzito usikimbie, na hapo anzeni na vya kunywa, soda ya kola ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 9 vidogo, na juisi za boksi za kwenye begi la shule hazina unafuu mkubwa hivyo kama tunavyojidanganya. Kipindi hicho nyumba nzima iache, msimtenge yeye na glasi ya maji huku kaka yake anakunywa soda mbele yake.

Na kile kikaratasi kiende kweli kituo cha afya, kisiishie kwenye droo.

Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa michezo shule ya msingi, Morogoro. Nataka kuwapima watoto wa darasa la nne maana naona wengine wakikimbia raundi moja tu wanashika kiuno. Nina mzani wa bafuni na tepu ya fundi cherehani. Naanzia wapi na kipimo gani ni rahisi zaidi? – Mwalimu

Marahaba mwalimu, na hongera kwa moyo huo, ila kabla hujagusa mzani nijibu mimi swali kwanza. Ukishamjua mtoto uzito wake umezidi, utafanya nini? Kituo gani cha afya kitampokea, nani atazungumza na mzazi, atazungumza vipi? Kama jibu ni kwamba utawajua tu halafu basi, acha kabisa, manake utakachobakiza ni majina ya utani. Mtoto akiitwa Bonge darasa la nne kwa sababu ya mzani wa shule jina linamfuata mpaka kidato cha nne, na wengi wakishaitwa hivyo wanaanza kukwepa hata hiyo michezo yako. Ongea na afisa lishe wa halmashauri kwanza, yupo, na wengine wanafurahi wakitafutwa. Wazazi waombwe ruhusa kwa maandishi. Wapimwe wote, usiwachague wanene, kila mmoja peke yake chumbani, namba isitajwe kwa sauti na asiandike mwanafunzi mwenzao, majibu yaende kwa mzazi kwenye bahasha iliyofungwa.

Haya, vipimo vyenyewe. Urefu ndio unaoharibiwa kuliko yote kwa sababu watu wanadhani ni rahisi. Viatu nje, soksi nene nje, mtoto aegemee ukuta usio na ule ubao wa chini, visigino, makalio na mabega viguse ukuta, aangalie mbele sawasawa, halafu juu ya kichwa uweke kitu kigumu chenye kona iliyonyooka, sio kiganja chako. Na nywele! Mtoto wa kike akija na mabutu mawili juu ya kichwa au misuko iliyofungwa katikati, ukipima juu yake umemwongezea sentimita za bure. Mchukue yule binti wa Tabata hapo juu wa sentimita 134, mabutu yakimpeleka 137 BMI yake inashuka kutoka 21.2 mpaka 20.2, pointi nzima imeliwa na nywele. Bonyeza mpaka uguse kichwa, na kama haiwezekani pitisha pembeni ya butu, ila usikadirie kwa macho.

Mzani uweke kwenye sakafu ngumu, kapeti na nyasi hapana. Usome sifuri kabla hajapanda. Mjaribu wewe mwenyewe, panda, soma, shuka, panda tena, ukiona unakupa majibu yanayopishana kwa nusu kilo huo ni wa kutupa. Sweta zivuliwe, mifuko itolewe vitu, wa kiume hasa utashangaa gololi na mawe wanayotembea nayo.

Ila kama unataka kipimo kimoja tu chepesi, acha mzani chukua kamba. Chukua uzi usiovutika, wa katani au ule wa kufungia vifurushi, wa sweta hapana na lastiki hapana. Pima urefu wa mtoto kwa huo uzi kuanzia kisigino mpaka utosini, kata, kunja katikati mara moja. Sasa huo uliokunjwa uzungushe kiunoni kwake. Ncha zikikutana au zikipishana, kiuno ni kidogo kuliko nusu ya urefu, yuko salama kwa upande huo. Zikishindwa kukutana, huyo ndiye wa kuangaliwa zaidi. Hakuna jedwali la umri, hakuna la jinsia, hakuna betri. Mtafiti wa Uingereza Margaret Ashwell na wenzake wameihubiri hii ya nusu ya urefu kwa miaka mingi, na mwaka 2022 mwongozo wa tiba wa kule Uingereza uliiingiza rasmi kwa watu wazima, na kwa watoto pia kuanzia miaka 5. Kiuno kikiwa chini ya nusu ni sawa, nusu mpaka chini ya 0.6 hatari imeongezeka, 0.6 na kuendelea iko juu.

Kwa nini kiuno? Kwa sababu mafuta ya tumboni, yale ya ndani yanayozunguka ini na kongosho na utumbo, ndiyo yanayokwenda sambamba na sukari na presha kuliko mafuta ya mapajani. Watoto wawili wanaweza kuwa na BMI moja, mmoja kasambaza mwilini mwingine kayabeba yote tumboni, na mzani hauwezi kukuambia nani ni nani.

Pa kupimia panabishaniwa sana, wengine kitovuni, wengine wanapofungia mkanda. Mimi nakushauri utafute kwa vidole ubavu wa mwisho chini, utafute na mfupa wa nyonga juu, katikati ya hapo ndipo pa kupita, juu ya ngozi au singlendi nyepesi, mtoto amesimama miguu karibu karibu, umwambie apumue kawaida na ukamate akiwa ametoa pumzi. Watoto wakijua unapima tumbo wote wanalibana, mpige stori kidogo litalegea lenyewe. Wasichana wapimwe na mwalimu wa kike, hilo silijadili.

Kitu kimoja cha kuangalia kwenye darasa lako, watoto waliodumaa. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania chini ya miaka mitano wamedumaa, na hao wanakua wanakuja kukaa kwenye madawati yako. Mtoto mfupi kwa umri wake akianza kula chipsi na maandazi ya mjini anaweza kuonekana mdogo mdogo tu, nguo zinamtosha, mzani unasoma kilo chache, kumbe kwa urefu alionao ni nyingi. Na kamba yake ikishindwa kukutana usiseme ni kwa sababu ya ufupi ukamruka. Huyo andika na urefu wake kwa umri, mpeleke na yote mawili.

Bro au dada sijui, mi niko Mwanza. Dogo wangu ana miaka 12, anacheza mpira kwenye akademi, kilo 52, urefu 150. Kocha wao kapima BMI anasema 23.1 dogo ni mnene apunguze. Jamani huyu mtoto ana misuli mpaka anatisha, mapaja kama ya mtu mzima. Hii BMI si ni uongo tu? – Baba Dogo

Ni dada, karibu.

Sio uongo ila kwa dogo wako haitoshi. Mvulana wa miaka 12 mstari wa +1 uko 19.9, wa +2 uko 23.6, kwa hiyo kwa chati ameshaingia uzito uliozidi. Kocha hajabuni. Lakini BMI haijui kilo ni ya msuli au ya mafuta au ya mfupa, na wavulana waliowahi kubalehe kwa miaka hii ya 11, 12, 13 wanajaza mwili kabla wenzao hawajaanza, wakiwekwa kwenye mstari mmoja wanaonekana wamezidi.

Ndio hapo unachukua kile kiuno nilichomwambia mwalimu. Tuseme kiuno chake ni sentimita 66, gawanya kwa 150 unapata 0.44, hapo namtoa kwenye wasiwasi na kocha amwache acheze. Ikiwa ni 77 hiyo imepita nusu na misuli ya mapaja haiwezi kumtetea, manake mpira haujazi tumbo. Pima kweli lakini, usiniletee saizi ya suruali.

Ile mizani ya umeme inayosoma asilimia ya mafuta ukikanyaga kwa miguu mitupu, najua akademi zinaipenda, inakisia kwa kupitisha umeme mdogo mwilini na mtoto aliyetoka kufanya mazoezi akiwa hana maji atasomwa tofauti na aliyekunywa. Angalia mwelekeo wake kwa miezi ukitaka, namba ya siku moja achana nayo. Na kocha asimwambie mtoto wa miaka 12 apunguze uzito kabla hajampeleka kwa mtu wa afya, huo umri anajenga mfupa.

Assalaam alaykum dada. Sisi tunakaa Muscat, nina watoto wawili, wa miaka 3 na wa miaka 10. Daktari ananionyesha mistari ya chati kila nikienda. Mama yangu yuko Unguja nikimweleza kwa simu ananambia hizo chati za Wazungu, watoto wetu maumbo yao mengine. Kweli? – Umm Wawili

Waalaykum salaam. Mama yako ana haki nusu, na inategemea mtoto yupi.

Chati ya huyo wa miaka 3, ile ya Shirika la Afya Duniani, imetoka kwenye utafiti uliofanyika kati ya 1997 na 2003 kwenye miji sita, Pelotas Brazil, Accra Ghana, Delhi India, Oslo Norway, Davis Marekani, na wa sita ni hapohapo ulipo, Muscat. Watoto kama 8,500. Waliwachagua wanaonyonya maziwa ya mama, mama zao hawavuti sigara, maisha yao si ya dhiki, kisha wakawaangalia wanavyokua, wakakuta watoto wadogo wakipewa mazingira mazuri wanarefuka karibu sawasawa, awe wa Accra au wa Oslo. Chati ikatolewa 2006. Mwambie bibi wajukuu wa Muscat wamo humo.

Huyo wa miaka 10 sasa. Chati ya miaka 5 mpaka 19 ilitolewa 2007, na hii haikupimiwa watoto wapya dunia nzima, walichukua takwimu za zamani za watoto wa Marekani zilizotumika tangu 1977 wakazichambua upya na kuziunganisha vizuri na ile ya wadogo. Kwa hiyo hapo bibi akisema ni ya kwao simbishii. Bado ndiyo tunayotumia sehemu nyingi kwa sababu inafanya kazi ya kuchambua, na mpaka wake wa juu unakutana vizuri na ule wa watu wazima, msichana akifika 19 mstari wa +1 uko 25.0 kamili.

Ila jua pia chati ziko zaidi ya moja. Wamarekani wana ya kwao inayokata kwenye asilimia ya 85 na ya 95, kuna na nyingine ya kimataifa ina mipaka yake, mtoto mmoja anaweza kuwa amezidi kwenye moja na mzima kwenye nyingine. Ukihama daktari muulize anatumia ipi, usije ukalia bure au ukafurahi bure kwa sababu chati imebadilika. Na kama familia yenu ina asili ya Bara Hindi, kama zilivyo nyingi za pwani na za huko Ghuba, mwambie daktari, watu wa asili hiyo wanapata sukari wakiwa na BMI ndogo kuliko wengine, kwa hiyo kiuno na historia ya sukari kwenye ukoo vinanihangaisha zaidi kuliko mistari.

Dada, mwanangu wa kiume miaka 13 ni mnene kiasi, shingo yake nyuma imekuwa nyeusi. Nasugua na dodoki, nimeweka limau, nimeweka magadi, haitoki, na kwapani imeanza. Shuleni wanamwambia haogi. Kuna krimu gani? – Mama Arusha

Mama acha kusugua leo hii. Huo sio uchafu, na mtoto anaoga, wamwombe msamaha.

Ngozi ya nyuma ya shingo, kwapani, kwenye mapaja ya ndani ikiwa nyeusi na imenenepa kidogo ukishika kama mahameli, kwa mtoto mwenye uzito uliozidi mara nyingi inamaanisha insulini imepanda kwenye damu. Mwili unaitoa nyingi kwa sababu haifanyi kazi vizuri, na ngozi inaitikia hivyo. Haina maana tayari ana kisukari, ina maana mwili unajitahidi kupita kiasi kukizuia. Hii ni dalili ambayo haihitaji tepu wala mzani, na mimi nikiona shingo ya hivyo sisubiri BMI.

Mpeleke wapime sukari asubuhi kabla hajala kitu, 7.0 (milimoli kwa lita) na kuendelea ni ya kisukari na watairudia kuhakikisha, kati ya 5.6 na 6.9 ni onyo. Wengine watapima kile cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, hapo mpaka ni asilimia 6.5. Wapime presha, na hapa uwe mkali kidogo, ule mkanda wa mkononi uwe wa saizi ya mkono wake, ukiwa mdogo unasoma presha ya juu ambayo haipo. Waangalie kolesteroli na ini pia, kuna watoto wana mafuta kwenye ini na hawajui kitu kabisa, hawaumwi popote.

Daktari akisahau kuuliza mwambie mwenyewe kama anakoroma usiku, anakatika pumzi, anasinzia darasani. Na akianza kuchechemea au kulalamika nyonga, paja au goti, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa watoto wanene wa umri wa kubalehe kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza, na wengi wanachelewa kwa sababu maumivu yanajitokeza gotini wanapakwa dawa ya kuchua. Vilevile akianza kiu isiyoisha, kukojoa usiku mara kwa mara, kukonda ghafla, hapo usingoje miadi.

Krimu hakuna. Mkorogo utaharibu ngozi na insulini itabaki palepale. Uzito ukitulia na akianza kutembea na kucheza kila siku, saa moja hivi kwa jumla, weusi unapungua wenyewe taratibu.

Sasa dada, niko Nakuru. Yule mama wa afya ya jamii anayezunguka nyumba kwa nyumba alipima mtoto wangu wa miaka miwili mkono na ile tepu ya rangi, ikawa kijani. Si hiyo inamaanisha uzito wake uko poa? Juu watu wanasema amenona sana.

Inamaanisha hajakonda kwa utapiamlo, hapo imeishia. Ile tepu ni ya miezi 6 mpaka 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kutoka hapo mpaka 12.5 njano, kwenda juu yote kijani, hata mkono ungekuwa wa 20. Haina rangi ya kuonya upande wa unene. Kama unataka kujua hilo apimwe uzito na urefu kliniki, wasome uzito kwa urefu. Na yule mama muachie kazi yake, hiyo tepu inaokoa watoto.

Mwanangu, mie ni bibi wa Tanga. Mjukuu wangu ana miezi 7, ananyonya vizuri, ameanza uji, ana mikunjo mapajani anapendeza. Mkwe wangu kaona video kwenye simu anasema mtoto ana unene hatari ampunguzie kunyonya na uji mara moja tu kwa siku. Mie namtilia kijiko cha sukari kwenye uji apate nguvu. Tunagombana kila siku. Tuamue.

Shikamoo bibi. Mkwe wako asimpunguzie kunyonya hata mara moja. Mtoto wa miezi 7 hapimwi kwa video wala kwa kuangalia mikunjo, analazwa chini apimwe urefu akiwa amelala, apimwe uzito bila nguo, kisha vinasomwa pamoja, uzito kwa urefu. Na mipaka yake ni mingine kabisa na ya hawa wa shule niliyoitaja juu, chini ya miaka mitano tunasema kazidi akivuka mstari wa +2 na unene uliokithiri akivuka wa +3, manake wachanga wameumbwa na mafuta yao na wanayahitaji. Aende na kadi kliniki mwezi huu, amwombe nesi amuonyeshe hiyo mistari. Kama anapanda sambamba nayo hakuna wa kumgusa. Hata akikutwa juu ya mstari, mtoto wa umri huo hafanyiwi dayati, ananyonya anavyotaka, anakula anavyotaka, akigeuza uso pembeni kijiko kinasimama, asilazimishwe kumaliza bakuli. Na uji mara moja kwa siku ni kidogo, kwa miezi 7 anatakiwa ale mara mbili au tatu, uwe mzito, uongezewe karanga zilizosagwa vizuri au maziwa au yai, na siku nyingine apondewe ndizi au viazi na mboga.

Kwa hiyo bibi kwenye kunyonya na uji umeshinda, kwenye sukari ameshinda mkwe. Kile kijiko kitoe.